Aliyeonja Amekunywa

Ukishuka kwenye lami pale Rwabigaga leo, ukaona fremu za maduka zilivyopangana, mashine ya kukoboa kahawa inavyonguruma na bodaboda wanavyogombania abiria, utadhani mji huu uliangushwa na mvua. Mvua gani! Mji huu umetoka tumboni mwa vibanja vya watu, mashamba yao ya migomba na buni, hatua tatu hapa, hatua nne pale, na wenyewe waliutoa huku wanapiga makofi. Wa kwanza kunyoosha mkono siku ya kutoa alikuwa mwanamke, Kokushubira binti Byabato, maskini wa Mungu, mtu asiyejua kusema hapana.

Kokushubira alikuwa amekwisha kufukuzwa mara moja maishani. Aliolewa Nyakatuntu, kule Kyerwa, akakaa na mume miaka kumi na moja bila mtoto. Mume alipokufa, shemeji zake hawakungoja hata nyasi za matanga zitolewe ndani. Walimwekea sanduku lake nje, wakamwambia aende kwao, kama kwao kupo. Kwao kulikuwepo. Baba yake, mzee Byabato, alimpokea mlangoni, akamletea kahawa ya kutafuna kama mgeni wa heshima, na mwaka uliofuata akamkatia sehemu ya kibanja chake.

Sasa, kukata kibanja si maneno ya mdomoni. Mpaka ni mlamula, ule mti mwembamba wenye majani marefu, ambao hata ukiuchomeka kwenye changarawe unashika. Lakini mlamula peke yake ni mti tu. Unakuwa mpaka ukipandwa mbele ya mashahidi, na mashahidi wakanywa rubisi, pombe ya ndizi, papo hapo, kibuyu kimoja, wamesimama juu ya mstari. Asiyekunywa hasemi. Hata kama alikuwa amekaa juu ya mparachichi akaona kila kitu, hana mdomo. Na aliyekunywa, mpaka huo anao kifuani hadi siku anazikwa.

Byabato aliita mashahidi watatu. Mmoja alitoka Ihembe, mwingine Kituntu, wazee wote wawili, na wote wamekwisha kufa. Wa tatu alikuwa Nolasco, jirani wa nyuma, mtu wa kanisani, mpole, mwenye tabia ya kutafuna kahawa huku akikutazama kama anayekupima uzito.

"Kuanzia mstari huu kwenda njia panda ni kwa Kokushubira," mzee alisema. "Kuanzia mstari huu kwenda kijitoni ni kwa Privatus. Mmesikia?"

"Tumesikia," wakasema, wakanywa.

Privatus, mtoto wa kiume wa pekee, alikuja toka Bukoba kwenye biashara zake kushuhudia mgawo. Alicheka hadi akashika mbavu. Upande wake ulikuwa na udongo mweusi na maji. Upande wa dada yake ulikuwa vumbi la barabara, mbuzi wa watu na wezi wa ndizi. "Baba amekupa njia panda, dada," alisema. "Utauza upepo." Kokushubira alicheka naye, maana ndugu akitania unacheka.

Akalima. Miaka kumi na tisa alilima vumbi lile. Alibeba samadi kichwani, akatandaza nyasi, akaotesha buni chini ya migomba, akapanda maharage katikati. Mzee Byabato alipolala kitandani asiinuke tena, ni yeye aliyemgeuza, aliyemwosha, aliyemlisha kwa kijiko. Alipokufa walimzika humo humo, ndani ya mstari wa binti yake, chini ya mgomba alioupenda. Privatus alikuja siku mbili, akalia kwa sauti kubwa kuliko wote, akaondoka na redio ya marehemu.

Halafu lami ikafika, na watu nyuma ya lami. Zahanati ikajengwa kule ndani, ikakosa njia ya kupita gari. Placidia, mwenyekiti wa kitongoji, akaitisha mkutano. Njia ilitakiwa ianzie kwenye lami, ipite katikati ya Kokushubira na Privatus, iendelee katikati ya Nolasco na pori la jirani yake aliyehamia Muleba, hadi zahanati. Ilihitaji hatua tatu. Zitoke upande gani? Privatus alipigiwa simu hakupokea. Wa Muleba hakuna aliyejua namba yake. Watu wakaanza kutazamana, kila mmoja anasubiri mwenzake awe mjinga kwanza.

"Chukueni kwangu," Kokushubira alisema. "Mama mjamzito abebwe kwenye machela mpaka lini? Mji ukikua utakuwa wetu sote."

Makofi, nakwambia! Nolasco naye akaona haya, akanyoosha mkono. Placidia akasema wema hauozi, na watu zaidi ya thelathini wakaitikia kama wako kanisani.

Kesho yake asubuhi Kokushubira na Nolasco waling'oa milamula yao kwa jembe moja, jembe la Kokushubira, wakipokezana. Wakaipanda upya hatua tatu ndani, kila mtu kwake, mstari mmoja ulionyooka toka barabarani hadi mwisho. Benadeta, mke wa Nolasco, aliwaletea ndizi za kuchoma na chai. Walicheka sana siku hiyo. Na hapo ndipo walipokosea wote wawili, kosa ambalo mtu wa kwingine angeliona ni upuuzi. Hawakuita mashahidi. Hawakumnywesha mtu. Kwani nani anaita watu waje kumtazama akijipunguzia? Mashahidi huitwa mtu anapopewa. Anayetoa, walidhani, hana haja ya kushuhudiwa.

Miaka sita ikapita. Njia panda ya upepo ikawa ndiyo moyo wa Rwabigaga. Mtu akitaka duka, analitaka pale. Mtu akitaka kituo cha pikipiki, pale. Ndipo ikatangazwa kwamba wapimaji wanakuja, kila kiwanja kitachimbiwa jiwe la mpaka na mwenyewe ataandikwa hati. Na ndipo Privatus, ambaye kwa miaka sita hakuwa amekuja hata kufagia kaburi la baba yake, akashuka kwenye gari na koti lake, mkononi ana karatasi ya kikao cha ukoo. Karatasi ilisema mali yote ya marehemu Byabato ni ya mwanawe wa kiume. Kikao hicho kilikaa wapi, Kokushubira hakuambiwa.

Siku ya uhakiki watu walijaa. Kokushubira alivaa kitenge chake cha kanisani. Hakuwa na hofu, na hilo ndilo linalouma. Aliamini.

"Huyu ni dada yangu, nampenda," Privatus aliwaambia watu. "Alikuwa ananitunzia shamba. Nani amekataa? Katunza vizuri, ahsante dada. Lakini mtunzaji si mwenye mali."

"Milamula hii hapa," Kokushubira alisema. "Baba alinikatia. Na shahidi aliyekunywa yuko hai. Kaka Nolasco, waambie."

Macho yote yakamgeukia Nolasco. Alikuwa anatafuna kahawa. Akatema maganda, akafuta mdomo.

"Nilikunywa," alisema.

Kokushubira akashusha pumzi.

"Nilikunywa rubisi ya mzee Byabato, sikatai. Mungu ananiona. Lakini milamula niliyoinywea mimi siyo hii."

Kokushubira alimtazama kama hakumsikia.

"Kaka Nolasco! Si tuliing'oa pamoja? Si jembe lilikuwa langu?"

"Hii umeipanda mwenyewe," Nolasco alisema, taratibu, kama anayemfundisha mtoto. "Aliyekunywa hii ni nani? Mlete. Mimi siwezi kusema nisichokinywea."

Benadeta akatoka kati ya wanawake. "Nolasco, sema yote. Waambie kuhusu njia."

"Wewe ulikunywa?"

"Sikunywa, lakini niliwaletea chai..."

"Basi kaa chini."

Na wale thelathini na zaidi waliopiga makofi? Walikuwepo. Mmoja alitazama viatu vyake. Mwingine alikumbuka ana sufuria jikoni. Hawakunywa, bwana, watasemaje? Loo, mila inavyokuwa tamu ikikupa sababu ya kunyamaza! Privatus alikuwa amezunguka kwa kila mmoja wao wiki nzima, huyu ameahidiwa kibarua cha ujenzi, yule ameahidiwa kuuza mchanga. Nolasco alikuwa ameahidiwa fremu.

Placidia alisoma karatasi ya ukoo mara mbili, kama anayetafuta herufi ya kumwokoa. Hakuipata. "Mama Kokushubira," alisema, "nenda baraza la kata ukadai." Akaenda. Baraza likamuuliza, shahidi wako ni nani? Akamtaja Nolasco, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumtaja. Nolasco akaitwa, akasimama, akarudia maneno yale yale, na safari hii hata hakutafuna.

Privatus alimpa siku thelathini kwa kuwa ni damu yake. Siku ya ishirini alikwisha kumuuzia kibanja kizima Egbert, mfanyabiashara kutoka Muleba, mtu wa maneno machache na matofali mengi. Migomba ilikatwa asubuhi moja. Kokushubira alisimama ng'ambo ya njia, ile ile aliyoitoa yeye, akahesabu mikungu ambayo haijakomaa ikianguka, hadi akaacha kuhesabu. Mashine iling'oa buni na mizizi yake. Kaburi la mzee Byabato hawakuligusa, wana utu. Walilizungushia ukuta, likabaki nyuma ya fremu, baina ya tangi la maji na choo cha wapangaji.

Aende wapi? Nyakatuntu hakuna kwake. Akapanga chumba kwenye nyumba ndefu ya vyumba sita ambayo Egbert aliijenga pembeni, juu ya udongo ambao Kokushubira alikuwa akiubebea samadi. Akawa anaanika kahawa za watu kwa ujira. Mwanamke wa miaka hamsini na minane, mwenye kibanja jana, leo anauliza mafungu ya ndizi sokoni ni bei gani. Watu wa Rwabigaga walimsalimia kwa upole sana. Walio na hatia huwa na salamu ndefu.

Ni Benadeta peke yake aliyegonga mlango wake. Alikuja Jumamosi ya kwanza, amebeba mkungu mzima wa ndizi kichwani, akautua kizingitini.

"Kibanja siwezi kukurudishia," alisema. "Nimemsema mume wangu hadi amenihama chumba. Ndizi naweza."

Kokushubira aliupokea. Jumamosi iliyofuata Benadeta akaja tena. Mvua ikinyesha alikuja, akiumwa mgongo alikuja. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, walisema wahenga, na Kokushubira alilijua hilo. Lakini wakati Benadeta akiongea, yeye alikuwa anasikia sauti nyingine. *Niliyoinywea mimi siyo hii.* Aliamka nayo, akaanika nayo kahawa, akala nayo. Akawa anamwomba Mungu kitu kimoja tu, na hakukiomba kwa sauti.

Mungu, au yeyote anayesikiliza maombi ya namna hiyo, akasikia. Mwaka wa pili Egbert alilinunua lile pori la yule aliyehamia Muleba. Karatasi ya kuuziana ilisema hatua mia moja na ishirini kutoka kijitoni. Egbert alizihesabu kwa miguu yake mirefu. Zilivuka pori, zikavuka njia, zikaingia kwa Nolasco, zikapita migomba, zikapita nyumba, zikagota kwenye ukuta wa jiko la Benadeta. "Kwa hiyo nyumba iko kwangu," Egbert alisema, bila hasira yoyote, na akaomba wapimaji waje.

Nolasco alicheka kwanza. Mpaka ule ulipandwa na marehemu baba yake, miaka arobaini na sita iliyopita, mbele ya wazee wanne. Halafu akaanza kuwahesabu wazee. Wa kwanza marehemu. Wa pili marehemu. Akafika wa nne, naye marehemu. Kicheko kikamkauka.

Ndipo akakumbuka kibuyu. Rubisi ya siku ile ilitoka kwa mzee Byabato, na aliyeileta ni binti yake wa miaka kumi na mitatu. Na aletaye pombe, kwa desturi, huionja kwanza, ili watu wajue haina kitu.

Alikwenda kwa Kokushubira jioni, kofia mkononi. Hakukuwa na kiti. Alikaa juu ya dumu la maji.

"Dada Kokushubira," alisema, "wewe siku ile ulionja."

"Nilionja."

"Aliyeonja amekunywa. Ndivyo ilivyo. Hata wazee waliopita wangesema hivyo." Alikuwa anaizungusha kofia mikononi. Hakuwa na kahawa mdomoni. "Najua nilikukosea. Ile fremu, ukitaka, ichukue. Lakini pale kwangu ndipo alipozikwa baba, na mimi nazeeka. Njoo useme tu kwamba ulionja."

Kokushubira alimtazama mzee huyu aliyejikunja juu ya dumu, na moyo wake haukumhurumia hata kidogo. Alifurahia kuitazama ile kofia ikizungushwa.

"Nitakuja," alisema. "Nitasema kweli tupu, kama wewe."

Mzee mjinga! Alishukuru. Alimshika mikono yote miwili akashukuru.

Jumamosi Benadeta alikuja na mkungu mkubwa kuliko yote, na kuku amemfunga miguu. Akapiga magoti pale kizingitini, mtu mzima mwenye mgongo mbovu. "Mungu akubariki," alisema. "Nilijua una moyo. Nilimwambia Nolasco, yule mwanamke ana moyo kuliko wewe. Ningefukuzwa pale ningekwenda wapi mimi?"

Hapo Kokushubira angeweza kusema. Angeweza kumwambia, dada, tafuteni njia nyingine, msinitegemee. Maneno yalifika hadi kwenye meno. Akayameza, akapokea kuku, akampika, akamla. Alikuwa mtamu.

Siku ya uhakiki watu walijaa kuliko siku yake yeye. Mji ulikuwa umekua. Kokushubira alivaa kitenge kile kile cha kanisani. Nolasco alisimama kando ya milamula yake, kifua mbele, na Benadeta pembeni yake ameshika shina moja la mlamula kama anayeshika mkono wa mtoto.

"Shahidi wangu huyu hapa," Nolasco alisema. "Alionja."

Placidia akauliza, "Mama, ni kweli?"

"Ni kweli," Kokushubira alisema. "Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilibeba kibuyu, nikaonja, nikawapa wazee." Alingoja. Alitaka macho yote yamgeukie, na yakamgeukia. "Lakini milamula niliyoionjea mimi siyo hii."

Kuna mtu alicheka nyuma. Halafu mwingine. "Mkuki kwa nguruwe!" akapaza sauti mmoja, na umati mzima ukamalizia, ule ule umati uliotazama viatu vyake, ukacheka hadi ukashikana mabega. Nolasco angesema nini? Kwamba waliing'oa pamoja? Nani alikunywa?

Na Kokushubira alifurahi. Tusimsingizie utakatifu. Furaha ilimshika kuanzia kisogoni hadi kwenye vidole vya miguu, furaha ambayo hakuipata siku ya harusi yake wala siku nyingine yoyote. Ilidumu kiasi cha mtu kuvuka njia ile ya hatua tatu.

Kisha akamwona Benadeta. Hakuwa amepiga kelele. Alikuwa bado ameshika lile shina.

"Kokushubira," alisema, "mimi nilikukosea nini?"

"Hukunikosea kitu."

"Haya," Benadeta akasema. Akaliachia shina, akaenda kuanua nguo zake kabla watu wa Egbert hawajafika.

Egbert hakuwatesa. Yeye hamtesi mtu. Aliwapa siku za kutosha, akakata migomba, na jiko likavunjwa la kwanza. Ile fremu ya Nolasco nayo ilirudi mikononi mwa Egbert, maana ahadi ilikuwa ya Privatus, na Privatus alikuwa Bukoba hapokei simu. Kwa kuwa wazee hawakuwa na pa kwenda, Egbert aliwapa chumba katika ile nyumba ndefu, kwa kodi ile ile ya wengine. Chumba kilichokuwa wazi ni kile kinachopakana na cha Kokushubira.

Ukuta ni wa tofali moja. Nolasco anakohoa, Kokushubira anasikia. Mchana kutwa mzee anakaa nje ameelekea upande ilikokuwa nyumba yake, na akipita Kokushubira na ndoo yake, wote wawili wanatazama chini. Lakini Benadeta anasalimia. Kila asubuhi anafungua mlango, anamkuta mwenzake anawasha jiko la mkaa, anauliza kwa Kinyambo, lugha ya kwao, kama walivyokuwa wakiulizana miaka yote ya ujirani, umelalaje. Hana kejeli. Amelelewa hivyo, jirani ni wa kusalimiwa.

Na Jumamosi anagonga. Mikungu haipo tena, naye ananunua fungu sokoni kama watu wote. Analigawa kizingitini, ndizi tatu zake na mumewe, ndizi tatu za Kokushubira.

"Jumamosi leo," anasema, na anaziweka chini.

Kokushubira alimwambia mara moja aache. Benadeta akamuuliza, "Kwani umeshapata kibanja?" Kokushubira anazichukua, anazimenya, anaziinjika, anakaa mbele ya sahani na mlango umefungwa. Upande wa pili wa ukuta anawasikia wale wazee wawili wakila za kwao. Anakata kipande, anakitia mdomoni, na hakishuki.